Mita Ilisema Volti 3.9

Vijana wangu, asanteni kwa kufika hapa Kisumu mapema hivi.

Nianze na bodi ya saketi iliyoninyima usingizi. Tuliiunda ipime oksijeni kwenye vizimba vya samaki pale Dunga, kisha itume vipimo kwa modemu ya GSM, kifaa kinachotuma data kwa mtandao wa simu. Karakanani ilifanya kazi bila shida. Ziwani, kila ikianza kutuma, inazimika na kuwaka upya. Wiki tatu tukailaumu programu! Mita ilituonyesha volti 3.9 kwenye betri, nasi tukaiamini.

Mita ya kawaida haina kasi ya kuona kinachopita haraka. Modemu ya GSM ikituma huweza kuvuta hadi ampea 2, kwa mikupuo ya mikrosekunde 577, kama mara 217 kwa sekunde. Waya wetu mwembamba, kwenda na kurudi, ulikuwa na omu 0.3. Zidisheni: volti 0.6 zinaishia njiani. Modemu inabaki na 3.3, na ile yetu huzimika ikipata chini ya 3.4.

Tulitia waya mnene, mfupi, na kapasita ya mikrofaradi 1000 kando ya modemu. Kapasita huhifadhi chaji ya umeme; ni kama mtungi wa maji jikoni: bomba likilegea, unateka hapo hapo. Mtungi ulioachwa kwa jirani haukufai kitu. Kwenye chipu za kasi umbali ni adui mkali zaidi, maana kila milimita ya njia nyembamba ya shaba huongeza karibu nanohenri 1 ya induktansi, yaani ukaidi wa njia dhidi ya mkondo unaobadilika ghafla. Ukiwa na nanohenri 10, na mkondo ukapanda ampea 0.1 ndani ya nanosekunde 1, umepoteza volti nzima. Kwa hiyo kapasita ndogo ya nanofaradi 100 inayoilisha chipu ikae mguuni pa chipu, si pale palipobaki nafasi.

Ishara nazo zina safari ya kurudi, na hapa ndipo wengi huteleza. Mkondo wa ishara ya kasi hurudi kwenye tabaka la graundi, yaani bapa la shaba ndani ya bodi linalorudisha mkondo, moja kwa moja chini ya njia ulikopita. Mnalikumbuka tuta lililounganisha Mbita na kisiwa cha Rusinga, kabla ya daraja? Maji yalizibiwa mlango, yakabaki kuzunguka kisiwa. Ukilipasua tabaka la graundi, mkondo nao huzunguka ule mpasuko, na kitanzi hicho kipana hurusha kelele kama antena.

Sogeeni mezani. Nimerudisha ule waya mwembamba, na osiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyobadilika haraka, iko kwenye miguu ya modemu. Mmoja wenu atume ujumbe, tuzitazame volti zikianguka.