Saa Nne za Hirta: Kuyasoma Mawe ya St Kilda

Mabibi na mabwana, hamjambo. Nianze na hesabu ya muda, maana ndiyo inayowaponza wageni wengi. Visiwa vya St Kilda viko takriban kilomita 64 magharibi ya visiwa vya Hebrides vya Nje, huko Scotland. Boti za watalii huondoka Leverburgh, kisiwani Harris, au Uig, kisiwani Skye, kati ya Aprili na Septemba. Kutoka Harris ni mwendo wa saa 3 hivi, na kutoka Skye ni zaidi. Ukishuka Hirta, kisiwa kikubwa kuliko vingine pale, utapewa saa 4 au 5. Ni muda mfupi mno kwa mahali palipokaliwa na watu kwa zaidi ya miaka 2000.

Kwa sababu hiyo wageni hujigawia ratiba: kwanza ndege, halafu magofu. Jioni ya leo nawaomba mwachane na mgawanyo huo. Kule Hirta ndege na magofu ni kitu kimoja, na ukivitenganisha huelewi hata kimojawapo.

Ila kwanza tufike. Ghuba ya kijiji, Village Bay, imefunguka upande wa kusini mashariki. Upepo mwingi wa Atlantiki hutoka magharibi, na vilima vinaukinga. Unapogeuka na kuvuma kutoka mashariki, mawimbi huingia moja kwa moja hadi gatini, na mashua ndogo ya mpira inayowatoa watu kwenye boti haiwezi kutia nanga wala kusimama. Ndiyo maana safari huahirishwa hata siku yenye jua na anga safi, na mgeni akabaki analalamika asijue sababu. Wekeni siku 2 au 3 za akiba kabla ya ndege ya kurudi nyumbani. Dawa ya kichefuchefu cha bahari imezwe kabla ya kupanda boti, kwa wakati ulioandikwa kwenye pakiti. Tumbo likishaanza kuchafuka, kidonge hakina kazi tena. Bebeni chakula na maji ya kutosha kutwa nzima, koti lisilopitisha mvua, viatu vyenye meno, na darubini ya 8×42. Yenye nguvu zaidi ya hapo hutikisika sana mkononi ukiwa botini.

Usiku wa kuamkia safari, mwageni kila kilichomo kwenye begi na mlikague upya, kisha msugue udongo wote kwenye soli za viatu. Jambo hili wasimamizi wa kisiwa hawalifanyii mzaha, na wana haki kabisa. Ndege wengi wa bahari hutaga ndani ya mashimo ardhini, na panya wakubwa wa melini wakiingia kisiwani hula mayai na makinda hadi kundi zima litoweke. Visiwa vya Shiant, karibu na kisiwa cha Lewis, vilifanyiwa kazi ya kuwatokomeza panya hao majira ya baridi ya 2015 hadi 2016, na havikutangazwa kuwa salama hadi 2018. Kisiwani Canna kazi kama hiyo ilifanikiwa na kutangazwa 2008. St Kilda haina panya hao, nayo ibaki hivyo.

Sasa mmeshuka. Tazameni vibanda vya mawe vilivyotapakaa kila upande, kuanzia bondeni hadi mgongo wa kilima. Kwa Kigaeli kibanda kimoja huitwa cleit, nasi tuseme kleti. Hirta peke yake vipo zaidi ya 1200. Kuta zimepangwa kwa mawe matupu, bila udongo wala chokaa, zikiinamia ndani kadiri zinavyopanda, halafu juu yakalazwa mawe mapana na kufunikwa kwa udongo wenye nyasi. Wageni hudhani ni nyumba au makaburi. Ni maghala. Siri yake ni mianya kati ya mawe: upepo hupenya na kukausha kilichomo, na paa la nyasi huzuia mvua. Bahari imekizunguka kisiwa, kuni hakuna, chumvi haba. Kilichobaki kuhifadhi chakula ni upepo, na upepo haukosekani.

Kilichohifadhiwa humo zaidi ya vyote ni ndege. Watu wa Hirta hawakuwa wavuvi kwanza, ingawa bahari ilikuwa mlangoni. Ghuba ni moja tu na mawimbi hayatabiriki, kwa hiyo walitegemea majabali. Walishuka kwa kamba, miguu mitupu, wakikusanya mayai, ganeti, pafini na fulma. Kwa wasiowajua: ganeti ni jamaa wa membe wetu wa pwani, ila mweupe na mkubwa zaidi, mabawa karibu mita 2. Pafini ni mdogo, mwenye mdomo mnene wa rangi rangi. Fulma unaweza kumdhania shakwe, lakini akikaribiwa hutema mafuta yenye harufu kali yasiyotoka nguoni. Mafuta hayo yaliwasha taa, yakatumika kama dawa, na pamoja na manyoya yakamlipa mwenye ardhi kodi yake, ambaye kwa karne nyingi alikuwa mkuu wa ukoo wa MacLeod. Uvunaji mkubwa ulikuwa Agosti, makinda ya fulma yakiwa yamenona lakini hayajaruka. Hadi 1878, walipoanza kuzaa kisiwa cha Foula, fulma wa Uingereza yote walizaliana hapa tu.

Pandeni sasa hadi ndani ya ukuta unaozunguka kijiji. Nyasi ni za kijani kuliko kwingine, na kondoo wamejazana. Kwa nini hapa? Kwa sababu vizazi na vizazi vilirutubisha mashamba haya kwa majivu ya moto na mabaki ya ndege. Wanasayansi walipopima udongo walikuta madini ya risasi na zinki yamerundikana, alama ya mbolea hiyo. Yaani malisho ya kondoo wa leo yametengenezwa na wawindaji wa ndege wa jana.

Kondoo wenyewe ni wa aina ya Soay: wadogo, kahawia, jike mzima ana kilo 24 hivi. Sufu hunyonyoka yenyewe. Mwaka 1932 kondoo 107 walihamishwa kutoka kisiwa cha Soay kuja Hirta, na tangu hapo hakuna anayewachunga wala kuwatibu. Idadi hupanda hadi kupita 2000, halafu baridi moja mbaya ikiungana na njaa na minyoo ya tumbo, huenda zaidi ya nusu wakafa. Wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu 1985. Mkikuta mzoga mwezi wa Aprili msimwite mtu kusaidia, na msiusogeze. Watafiti wanauhitaji pale ulipo.

Simameni kimya dakika 5 karibu na kleti yoyote. Mtasikia sauti kubwa isiyolingana na mwili wa mwenyewe: reni wa St Kilda, ndege mdogo wa kahawia, mzito kuliko ndugu zake wa bara, anayejenga kiota kwenye mianya ileile iliyokausha nyama. Wakusanyaji wa mayai na ngozi waliwatamani mno, hata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwalinda mwaka 1904.

Halafu kuna habari ya panya wadogo, ambayo kwangu ndiyo inayosema zaidi. Hirta walikuwa wa aina mbili: wa shamba, ambao bado wapo na wamekuwa wakubwa kuliko wenzao wa bara, na wa nyumbani, waliopatikana hapa tu duniani. Tarehe 29 Agosti 1930 watu 36 wa mwisho waliondoka kwa meli ya HMS Harebell, kwa ombi lao wenyewe, wakiacha Biblia imefunguliwa katika kila nyumba. Moto ulipozimika, panya wa nyumbani hawakudumu hata miaka michache. Walitoweka kabisa, kwa kuwa waliishi kwa watu.

Mkiwa na nguvu, pandeni hadi ukingo kati ya vilima vya Oiseval na Conachair, dakika 40 hadi saa nzima. Msikaribie ukingo: nyasi fupi zenye umande huteleza kama sabuni, na chini ni jabali refu linaloshuka hadi baharini. Mkipita penye viota vya skua, ndege wakubwa wa bahari, inueni fimbo juu ya kichwa, maana hushambulia sehemu iliyo juu kabisa. Skua walikufa kwa wingi kwa mafua ya ndege mwaka 2022, kwa hiyo msiguse ndege mgonjwa wala mfu.

Wakati wa kurudi, boti nyingi huzunguka kisiwa cha Boreray na nguzo zake mbili za mwamba. Stac an Armin ina mita 196. Mwaka 1727 wanaume 3 na wavulana 8 waliachwa pale kuwinda. Hirta ikakumbwa na ndui, iliyoletwa na nguo za marehemu kutoka Harris, na hakubaki wa kutosha kuendesha mashua. Walikaa humo miezi 9 hivi, ndani ya kibanda cha mawe, hadi Mei 1728. Elekezeni darubini kwenye mteremko: kati ya ganeti weupe mtaona vijirundo vya mawe ya kijivu. Hizo nazo ni kleti.