Kabla Hatujaficha Funguo za Gari la Mzee

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi wenzangu mliowasindikiza wazazi wenu, karibuni. Leo nina maneno mengi zaidi kwenu kuliko kwao.

Nianze na kosa letu, watoto wa baba yangu. Alikuwa na miaka 74 alipoanza kukwaruza gari kwenye lango la nyumbani. Mara ya kwanza tulinyamaza. Mara ya tatu tulikaa kikao bila yeye, tukaficha funguo. Hatukumuuliza kitu. Haikupita miezi mingi akaacha kutembelea rafiki zake, akaacha kwenda kwenye ibada, akawa mtu wa kushinda kitini. Sisi tukajipongeza kwamba yuko salama! Daktari wa macho ndiye aliyegundua kilichokuwepo: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alifanyiwa upasuaji, akarudi barabarani, mchana tu, kwa miaka mingine sita.

Tangu hapo sikubali mtu aniambie "ni mzee, asiendeshe". Niambie kwanza kilichopungua ni nini. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja ya mwanga linaoupata jicho la kijana wa miaka 20, kwa sababu mboni haitanuki kama zamani na lenzi imeanza kugeuka manjano. Kwa hiyo mzee akilalamika kwamba taa za magari yanayokuja zinampofusha, hadeki. Akishamulikwa, macho yake huchelewa kurudi sawa. Presha ya macho nayo huja kimyakimya. Hula uoni wa pembeni, kule anakotokea mtoto au mwendesha baiskeli, na mwenyewe asijue mpaka apimwe.

Dawa tunazisahau sana. Kusanyeni zote, hata zile za mafua na mzio mnazojinunulia bila cheti, mzipeleke kwa mfamasia au daktari mkamuulize: ipi kati ya hizi inasinzisha, ipi inaleta kizunguzungu, ipi inaweza kushusha sukari nikiwa kwenye usukani? Asiache mtu dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Wakati mwingine kubadilisha saa ya kuimeza kunatosha.

Barabarani kwenyewe, pa kuogopa zaidi ni njia panda, hasa pale unapokata kona ukivuka njia ya magari yanayokuja. Hapo shingo inatakiwa igeuke, akili ikadirie mwendo wa yule anayekuja, na mguu uamue, vyote kwa mpigo. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari hula karibu mita 17 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde, mita 8 zimekwisha. Wazee wangu, kuzunguka mtaa mzima ili kuikwepa kona moja ni uendeshaji wa mtu mwenye akili zake. Zoezeni shingo kila asubuhi. Sogezeni kiti, kifua kiwe mbali na usukani angalau sentimita 25, na mkanda ufungwe hata kwa safari ya dukani.

Lakini kuna dalili ambazo sitazipamba. Mzazi akipotea kwenye njia aliyoipita miaka yote, au akikanyaga mafuta akidhani ni breki, gari likae mpaka daktari amwone. Hapo tusioneane haya.

Japani, tangu mwaka 1998, dereva anaweza kurudisha leseni yake kwa hiari. Nalipenda hilo neno, hiari. Ila hiari haiji kama mbele yake hakuna usafiri mwingine. Watafiti wameona mara kwa mara kwamba wazee wanaoacha kuendesha huandamwa zaidi na sonona. Basi kaeni na mzee mapema, angali anaendesha vizuri, mwandike pamoja: sokoni atapelekwa na nani, kliniki nani, na kwa rafiki zake je? Kwa rafiki ndiko tunakosahau.

Baba alipofika miaka 81 tulikuwa tumeshaiandika ratiba hiyo, yeye akiwa mwenyekiti wa kikao. Jioni moja alinipa funguo mwenyewe, akaniuliza, "Alhamisi utanipitia saa ngapi?"