Kutoka Warsaw hadi Tengeru: taifa lililoishi bila nchi

Zuhura: Karibuni tena kipindini. Leo mwenzangu ametaka tuwazungumzie Wapolandi. Kaka Elibariki, tunaanzia wapi?

Elibariki: Tuanzie 1795, dada. Mwaka huo Urusi, Prussia ya Wajerumani na Austria zilimalizia kugawana Polandi. Zilianza kuimega 1772, Urusi na Prussia zikarudi 1793, na mara ya tatu hapakubaki kitu.

Zuhura: Na walikuwa wametoka kuandika katiba, siyo?

Elibariki: Ndiyo, tarehe 3 Mei 1791. Catherine, malkia wa Urusi, hakutaka jirani mwenye serikali imara. Mwaka uliofuata jeshi lake likaingia.

Zuhura: Hapo ndipo huwa nakwama. Miaka 123! Mtu anazaliwa, anazeeka, anazikwa, na nchi yake hajaiona. Iweje mwaka 1918, nchi iliporudi, watu wasimame na kusema, sisi ni Wapolandi?

Elibariki: Shule, dada. Wengi hutaja maasi ya 1830 na 1863 dhidi ya Urusi, na kweli damu nyingi ilimwagika. Lakini mimi naamini kilichowabeba ni masomo ya kificho. Baada ya 1863, upande wa Urusi, Kirusi kilitawala madarasani. Pale Warsaw wanawake wakawa wanasoma majumbani kwa siri, leo nyumba hii, kesho ile, wasikamatwe. Mmoja wao ni Maria Skłodowska.

Zuhura: Marie Curie mwenyewe, yule mwanasayansi?

Elibariki: Huyo huyo. Mwaka 1898, wakiwa Paris, yeye na mumewe Pierre waligundua elementi mpya, wakaipa jina la poloniamu. Nchi haipo kwenye ramani, lakini jina lake limeingia kwenye sayansi ya dunia nzima!

Zuhura: Nasisimka nikisikia hivyo. Na upande wa Wajerumani?

Elibariki: Mji wa Września, 1901. Watoto waligoma kufundishwa dini kwa Kijerumani, wakachapwa viboko. Wazazi walipopinga, baadhi yao wakafungwa jela.

Zuhura: Sasa tuje Tengeru, kule Arusha walikofikia Wapolandi; wasikilizaji wa huko wanatusubiri.

Elibariki: Septemba 1939 Hitler aliivamia Polandi kutoka magharibi, Stalin kutoka mashariki. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti wakawapakia raia kwenye mabehewa ya mizigo, familia nzima nzima, hadi Siberia na Kazakhstan. Wengi walifia huko. Hitler alipomgeuka Stalin, walionusurika wakaanza kuruhusiwa kutoka. Mwaka 1942 maelfu wakavuka hadi Uajemi, yaani Iran ya leo, kisha meli zikawaleta pwani yetu. Tengeru ilipokea karibu 5,000, wengi kina mama na watoto. Wengine walipelekwa Kidugala na Ifunda, hapa hapa kwetu, na Masindi na Koja kule Uganda.

Zuhura: Wakaishije?

Elibariki: Kwenye nyumba za duara za kuezekwa kwa nyasi. Wakajenga kanisa, wakafungua shule, watoto wakasoma kwa Kipolandi. Yale yale ya bibi zao, ila safari hii bila kujificha.

Zuhura: Mbona vita vilipoisha hawakurudi kwao?

Elibariki: Kwao kupi, dada? Mwaka 1945, kwenye mkutano wa Yalta, wakubwa wa Marekani, Uingereza na Wasovieti walikubaliana mashariki ya Polandi ibaki kwa Wasovieti, na wengi wa Tengeru walitoka huko huko. Wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia. Wachache sana wakabaki.

Zuhura: Na makaburi?

Elibariki: Yapo, karibu 150, na yanatunzwa. Ukifika Tengeru ulizia chuo cha mifugo, makaburi yako eneo hilo.