Mtaa gani Lamu una usalama? Hebu tuliulize vizuri swali hili

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mamangu nyote mliokuja, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni ingieni ndani nafasi ipo. Nimeambiwa nizungumze juu ya usalama wa mitaa yetu, na mahali pa kuzungumzia ni hapa hapa ngomeni Lamu, manake hii ngome ilimalizika kujengwa 1821 na miaka mingi kabla haijawa makumbusho ilikuwa jela, jela ya Mwingereza kisha jela ya serikali yetu, mpaka 1984. Wazee walioko hapa wanakumbuka. Yaani mfungwa alikuwa humu humu katikati ya mji, hapo nje uwanja wa Mkunguni watu wanauza samaki na matunda na yeye ndani anawasikia.

Sasa swali ninaloulizwa sana, na wageni, na watu wetu walioko Mombasa wanaotaka kurudi kujenga, hata na mzazi anayeozesha binti, ni hili: mtaa gani mzuri na mtaa gani mbaya? Na majibu mnayajua nyote. Utaambiwa Mkomani kumetulia, Shela ndo raha yenyewe, Langoni kuna zogo, halafu ikifika Kashmir na Kandahari na kule Wiyoni mtu anakunja uso. Hasemi kitu, anakunja uso tu. Huo uso umenikera miaka mingi na ndio ulionileta leo, kwa sababu kijana akizaliwa kule anakua nao, akiomba kazi ya ulinzi kwenye nyumba ya Shela anaulizwa kwanza anatoka wapi, akijibu basi kazi hana.

Na sisi wenyewe tumeshafanyiwa hivo na ulimwengu, tunajua uchungu wake. Mwaka 2011 mwezi wa tisa mgeni mmoja aliuliwa kule Kiwayu mkewe akatekwa, wiki chache tu baadae mama mmoja Mfaransa akachukuliwa hapo Manda, hoteli zikafungwa, vijana wa boti wakakaa. Halafu 2014 mwezi wa sita likatokea shambulio la Mpeketoni, watu zaidi ya 60 waliuliwa, Mungu awarehemu. Mpeketoni iko bara, si kisiwani, lakini kwa mtu wa mbali yote ni Lamu. Ikaja kafyu mwezi wa saba, Ramadhani haijesha, magharibi watu ndani mpaka asubuhi, na haikuondolewa kwa miezi mingi, mvuvi wa usiku muda wote huo nyavu zimekauka. Kaunti nzima imetiwa kwenye kapu moja kwa mambo yaliyotokea pahali pachache. Ilituuma. Sasa kwa nini sisi tunamfanyia mwenzetu wa Kashmir yale yale?

Watu wataniambia lakini polisi wana takwimu. Sawa, tuzungumze takwimu. Namba za uhalifu zinazochapishwa Kenya kila mwaka zinatoka kwa kesi zilizoandikishwa kituoni, kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Kilichoandikishwa ndicho kilichotokea, kisichoandikishwa hakikutokea, ndivo karatasi inavosema. Haya chukua simu mbili zilizoibiwa siku moja. Ya kwanza ni ya mgeni Shela. Mgeni ana bima, na bima yake haimlipi mpaka alete karatasi ya polisi, kwa hivo mwenye gesti anamtilia boti, anamleta mjini, anamsaidia kuandika, anapewa namba ya OB na abstrakti, ndio ile karatasi ya bima, imekwisha. Simu ya pili ni ya mama anayechoma mkate wa mofa Wiyoni. Huyu akienda kituoni nani atamuangalilia moto? Bima hana. Risiti ya simu haijui iko wapi. Na pengine kijana aliyeichukua anamjua, ni mtoto wa jirani, wamelelewa pamoja na wanawe, kwa hivo atakwenda kwa mamake yule kijana, watalia wote wawili, wazee wataingilia, simu irudi au isirudi. Kwenye kitabu Shela ina wizi mmoja, Wiyoni haina hata mmoja. Ukisoma namba peke yake utasema Wiyoni ndio salama zaidi!

Na kinyume chake pia kipo, sikilizeni vizuri hapa. Kosa kama la bangi au unga, yaani heroini, haliripotiwi na mtu, hakuna anayekwenda kituoni kusema mimi nimeuziwa unga. Linaingia kitabuni pale polisi wanapokwenda kukamata. Kwa hivo mtaa unaopigwa doria kila usiku utakuwa na kesi nyingi, na mtaa ambao polisi hawaingii, kwa sababu nyumba zake zina mageti na wenyewe wana wakili, hautakuwa na kesi, hata kama yanayotumiwa juu ya paa kule ni yale yale. Halafu kwa vile Kashmir ina kesi nyingi doria inaongezwa Kashmir, na kesi zinaongezeka tena, na uso unakunjwa tena.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni idadi ya watu. Ukitaka kulinganisha Shela na Langoni lazima ugawe kwa watu, sawa, lakini watu gani? Shela mwezi wa disemba imejaa wageni, ukigawa kwa wenyeji peke yao utaona kama kila mtu anaibiwa, ukija mwezi wa tano wakati wa kusi na mvua nyumba zimefungwa hakuna hata wa kumuibia. Langoni nako siku za Maulidi ya Riyadha wanakuja watu kwa maelfu, kutoka visiwani, Tanzania, Komoro, simu mbili tatu zikipotea kwenye msongamano ule si haki kuiandikia Langoni mwaka mzima.

Ndio nasema usiulize mtaa gani. Uliza uhalifu gani, saa ngapi, na anayedhurika ni nani. Mtaa ule ule adhuhuri ni mwingine na saa nane za usiku ni mwingine.

Hebu niwape vichochoro viwili, vyote viko ndani ya mji wa kale, ule uliotiwa kwenye urithi wa dunia na UNESCO 2001, na vimeachana hatua chache. Cha kwanza kiko upande wa Langoni. Ni chembamba, punda wawili hawapishani, mtaro unanuka, na mtu asiyekijua ataogopa kuingia. Lakini ukiingia saa tatu za usiku kuna mama na karai la viazi, balbu imening'inizwa kwa waya kutoka dirishani, kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, kuna wazee watatu wanazungumza habari za mpira na za marehemu, juu kuna bibi ana dirisha lake na hakuna anayepita asimuulize unakwenda wapi mwanangu. Mwizi hapiti pale. Akipita atasalimiwa kwa jina lake na jina la babake. Cha pili kiko Mkomani. Kizuri, kinapigwa picha, milango ya nakshi, kuta zimepakwa chokaa nyeupe. Nyumba baada ya nyumba imenunuliwa na watu wa nje wanaokuja mara moja kwa mwaka, kufuli kubwa mlangoni, madaka yametiwa vyuma watu wasikae, na pale katikati kuna wikio, kile chumba kinachovuka njia kwa juu, chini yake mchana wenyewe ni kiza, usiku huoni mkono wako. Taa ilikuwepo, imeungua, na anayesimamia hizo nyumba anakaa mtaa mwingine. Mtoto wa kike akitoka madrasa baada ya isha akifika pale anakimbia. Haya niambieni, mtaa salama ni upi?

Sisemi wageni ni wabaya, wengine wametengeneza nyumba ambazo zingeanguka. Nasema nyumba isiyokaliwa haina macho. Wazee wetu hawakujenga madaka kwa urembo tu, pale mtu alikaa, akaona, akauliza. Ukiyatia vyuma umemfukuza mlinzi aliyekuwa hakulipishi kitu.

Njia ya Shela pia niitaje, ile ya pwani kutoka mjini, yapata kilomita tatu. Mchana haina neno. Usiku, maji yakijaa na mwezi hakuna, mtu asipite peke yake, achukue boti. Na ufuo wenyewe wa Shela ukishapita nyumba za mwisho ni michanga mitupu kilomita na kilomita, hakuna wa kukusikia ukiita, kwa hivo mgeni tumwambie waziwazi asiende mbali peke yake na kamera shingoni. Kuna wenye gesti wanaogopa kusema wakidhani watamtisha mgeni aondoke. Mwambie! Mgeni aliyeambiwa ukweli anarudi.

Baharini huko ndo kunasahauliwa kabisa. Mvuvi akiibiwa mashine ya boti usiku, ameibiwa duka lake zima, na pengine bado anailipia. Ndio mnawaona wanazifungua jioni wanazibeba begani mpaka nyumbani, mzee wa miaka sitini na mashine begani kila siku kwa vile gatini hakuna taa ya maana wala mlinzi. Huu wizi utauandikia mtaa gani? Hauna mtaa, kwa hivo hausemwi.

Sasa nakuja kwenye jambo gumu na naomba msinikasirikie. Tunasema Mkomani kumetulia. Kuta za Mkomani ni za mawe ya matumbawe, nene, zinazuia joto, na zinazuia sauti. Nyumba ya makuti Kandahari mume akimpiga mkewe mtaa mzima unasikia na majirani wanagonga mlango. Nyumba ya ghorofa mbili ya mawe hasikii mtu. Kwa hivo kutulia si ushahidi. Mwanamke anayepigwa ndani yuko mtaa hatari hata kama nje kuna maua na wageni wanapiga picha, na mtoto anayeguswa vibaya na mtu wa nyumbani vile vile. Kina mama, shikeni haya: mtu akiingiliwa kwa nguvu asioge, asifue zile nguo, apelekwe hospitali mapema, dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianzwe ndani ya masaa 72 na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Fomu ya P3, ile ya polisi anayoijaza daktari, ni bure. Namba ya 1195 ni ya ukatili wa kijinsia na 116 ni ya watoto, zote hazilipishwi. Na tafadhali, mambo haya yasimalizwe barazani kwa sahani ya biriani na kusema tusitiriane. Simu ya mama wa mofa wazee waimalize. Hili la mtoto wazee waliache.

Na hawa vijana wa unga. Ni watoto wetu, wa Mkomani wamo, wa Langoni wamo, wengine wa majina makubwa makubwa. Wanachukua kufuli, bomba, nguo kwenye kamba, sufuria, kila kinachouzika. Ni wizi na unachosha, sikatai. Lakini kumpiga mtu mpaka afe kwa sababu ya bomba, hilo ni kosa kubwa kuliko bomba na mbele ya Mungu tutaulizwa. Watu husema tukimpeleka polisi keshokutwa tunamuona mtaani. Ndio, manake katiba kifungu cha 49 inasema aliyekamatwa apelekwe kortini ndani ya masaa 24 na anayo haki ya dhamana mpaka kesi isikizwe, na kesi bila shahidi inaanguka, na shahidi ni wewe uliyesema huna wakati. Malindi hospitalini walianza kutoa methadone, dawa ya kunywa badala ya unga, 2015, mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi, hatafuti tena pesa ya unga. Mtu asiyetafuta pesa ya unga hana haja na sufuria yako. Mimi shilingi ya usalama ningeitia hapo kabla sijanunua kamera.

Nyumba kumi, ule mpango wa majirani kulinda mtaa wao, ilipoletwa 2013 wengi wetu tuliiogopa, tukadhani ni ya kuchongeana. Kuna mitaa imefanya kazi, ni ile ambayo aliyechaguliwa ni mtu watu walikuwa wakimwendea tangu zamani. Alipotiwa mtu wa chama haikuzaa kitu.

Nawaomba kitu, na naomba kianze wiki hii. Kila mtaa watu wawili, mmoja awe mwanamke, waweke daftari. Jina la mtu lisiandikwe, wa kuibiwa wala wa kuiba. Waandike kimetokea nini, saa ngapi, kichochoro gani, taa ilikuwepo au haikuwepo, na kama kiliripotiwa. Kashmir waandike, Shela waandike, Mkomani waandike. Baada ya miezi mitatu tukutane hapa tuziweke daftari pamoja kwenye meza moja, ndo tukamwendee chifu na kaunti tukijua taa inatakiwa pembe gani. Na wanaosimamia nyumba za wageni, kabla ya hapo, hebu watieni balbu nje ya milango, umeme wa balbu moja hauwashindi wenye nyumba zile.

Haya maswali. Naanza na nyinyi vijana wa Kashmir, semeni nyinyi kwanza, na wazee watanisamehe leo watangoja.