Uradi wa kumfunga bosi mdomo sina

Assalaamu alaykum. Wa nyuma sogeeni, kivuli cha mwembe kinatosha hata huku mbele.

Wiki haipiti kibarazani kwangu hajaja mtu, shati la kazini bado limechomekewa: "Sheikh, nipe uradi wa kumfunga bosi mdomo." Jamani! Uradi ni maneno ya kumkumbuka Mungu. Masheikh wa Kadiria, tarika yetu ya Kisufi, walitoka pwani mpaka Tabora hii ili wewe umfunge mtu mdomo?

Aliyefungwa mdomo ni Imam Ghazali, yule mwanachuoni mkubwa wa zamani. Najua mmeshanisikia, sikilizeni tena. Mwaka 1091 kapewa kiti cha kusomesha Nidhamiya, chuo kikubwa cha Baghdad. Wanafunzi 300, cheo, heshima. Mwaka 1095 anafungua kinywa asomeshe, neno halitoki. Chakula nacho hakipiti. Matabibu wakanyoosha mikono: huyu ugonjwa wake umeanzia moyoni. Na kabla ya hapo miezi alivutana na nafsi, asubuhi naondoka, jioni nabaki. Hamjioni humo?

Kuna mtu hapo anasema kimoyomoyo: yeye aliacha kazi, mimi wanangu watakula nini? Hukusikiliza. Mali aliigawa, ya watoto akaibakiza. Na baada ya miaka kama 11 akarudi kusomesha, Nishapur. Sijakwambia uandike barua ya kuacha kazi.

Nakwambia hivi: ukimaliza alfajiri, simu ikae chumba kingine. Grupu la kazini halitakufa. Astaghfirullah 100, kumswalia Mtume 100, La ilaha illallah 100. Usikimbize kama konda anayehesabu chenji. Nilipokuwa karani, tasbihi yangu ilikaa mfuko mmoja na kalamu. Kalamu ikavuja, punje tatu mpaka leo ni za bluu, hizi hapa. Kila nikizifikia namkumbuka mkubwa wangu mmoja aliyenirushia faili mbele ya wateja. Damu inachemka, hesabu inapotea. Mwalimu wangu akaniambia, "Pita, usisimame hapo." Miaka ilipita ndipo nikaweza kupita.

Zikiri ya pamoja na dufu nilitaka kuieleza, muadhini ananikazia macho. Mnaosema ni bidaa, uzushi katika dini, mnajua kibaraza changu kilipo, leo sina nguvu. Na mshahara uliocheleweshwa, nendeni chama cha wafanyakazi, haudaiwi kwa tasbihi.

Haya, nani hana udhu?