"Nipo njiani": kuuziana vifaa vya ufundi mtandaoni

MSAFIRI: Haya, tunarekodi. Shem, weka simu chini.

REHEMA: Siweki. Kuna mteja wa randa yuko njiani.

MSAFIRI: Tangu saa ngapi?

REHEMA: Saa nne asubuhi.

MSAFIRI: Sasa hivi saa nane na robo! Anatokea Morogoro?

REHEMA: Mbagala. Saa nne kaandika "nipo njiani". Saa tano na nusu, "nimekaribia". Tangu hapo napiga, inaita tu.

MSAFIRI: "Nipo njiani" maana yake bado anatafuta soksi. Karibuni, wasikilizaji. Mimi ni Msafiri, seremala wa Keko, na leo tumehamia Tabata, sebuleni kwa shemeji yangu Rehema, kwa sababu shemeji kawa mfanyabiashara.

REHEMA: Nimelazimishwa. Mzee wangu amerudi Pangani, macho hayamruhusu tena kushika msumeno. Kaniachia vifaa vya miaka thelathini: randa, patasi, jeki, drili mbili, vibanio hata sijui idadi. Kaniambia, "Viuze kwa watu watakaovitumia." Wiki ya tatu hii nauza mtandaoni. Nimewajua watu, shem.

MSAFIRI: Anza na lililokuudhi.

REHEMA: Meseji ya kwanza kabisa ilikuwa neno moja. "Bei?" Na bei nimeiandika juu ya picha! Hajasalimia, hajasema anataka kipi kati ya vitu kumi na vinne. Mtu huyohuyo akienda Gerezani kununua spana, kabla ya lolote atasema "habari za kazi". Kwenye simu salamu imempotelea wapi?

MSAFIRI: Kwenye salamu nakubali. Ila kuna neno moja nalitetea, "ipo?" Watu wanalicheka, lakini mimi naliuliza kila siku. Matangazo ya vitu vilivyokwisha kuuzwa tangu mwaka jana bado yananing'inia. Ukiuza, futa tangazo.

REHEMA: Hilo sawa. Na wale wa "bei njoo inboksi"?

MSAFIRI: Hao siendi. Mtu anayeficha bei anataka kwanza auone mfuko wangu. Kuna mtandao waliubatiza jina la Kupatana. Nililipenda lile jina, kwa sababu ndivyo tunavyosema tangu zamani, kupatana bei. Huwezi kupatana na mtu aliyeanza kwa kujificha. Majina yenyewe yanabadilika, OLX ya hapa kwetu mwaka 2019 ilimezwa na mtandao mwenzake, Jiji, siku hizi wengi wako Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp, lakini vituko ni vilevile.

REHEMA: Kupunguziwa je? Randa ya umeme nimeandika 120,000. Mtu kaja na "nina 60".

MSAFIRI: Hajakosa adabu huyo. Kataja anachoweza, wewe mjibu. Mimi hata 60 siioni matusi. Matusi ni yule mliyepatana 110,000 kwenye simu, kaja, kaishika mashine, kaipenda, halafu getini anatoa noti anahesabu polepole: "Aisee, nina 90 tu hapa." Na boda yake inanguruma nje ili nawe uharakishe.

REHEMA: Alikuja huyo! Alichukua drili.

MSAFIRI: Ukampa?

REHEMA: Nikampa. Nilikuwa na sufuria jikoni.

MSAFIRI: Aliijua hiyo sufuria. Kushusha bei ukishafika ni halali kwa sababu moja tu, umekuta kasoro ambayo haikutajwa. Hapo mnarudi mezani. Kama mashine ni ileile iliyoandikwa, toa ulichosema.

REHEMA: Ndiyo maana mimi natangulia kuandika kasoro. Kwenye hii randa nimeandika: kisu kimoja kina pengo, kinaacha mstari kwenye mbao.

MSAFIRI: Umeandika hivyo kwenye tangazo? Shem, hutauza.

REHEMA: Babu yangu kule Pangani alikuwa akiuza punda. Mzee anasimulia, mnunuzi akifika tu, kabla hajakaa: "Punda huyu anauma. Na mto hataki kuvuka." Ndipo anataja bei. Akiita hivyo kutoa aibu ya mali. Ile aibu ya zamani, kilema cha kitu, siyo hii ya kuinamisha kichwa.

MSAFIRI: Mzazi wangu alisema ila. "Hakina ila."

REHEMA: Ndiyo hiyohiyo. Na punda walinunuliwa, maana watu wa huko walijua babu akinyamaza basi punda hana neno.

MSAFIRI: Basi na mimi nikupe ya kwangu. Drili ya kontena. Unajua vifaa vinavyotoka Uingereza, vimetumika kwenye ujenzi kule? Nyumbani kwao umeme ni 230 kama wetu, hata plagi ya pini tatu bapa ni ileile. Lakini saiti zao za ujenzi wanatumia volti 110, umeme unapitia transfoma kwanza ili fundi akipigwa asife. Na plagi yake ni ya njano, ya mviringo, nene, haiingii popote hapa kwetu.

REHEMA: Sasa hapa watu wanaichomeka wapi?

MSAFIRI: Ndiyo hadithi yenyewe. Aliyeniuzia alikata ile ya njano, akafunga ya pini tatu. Tangazo limeandikwa "drili kali ya Uingereza, inafanya kazi". Picha nzuri, imepigwa upande wa kulia tu. Nikatoa 70,000. Nafika karakana, nachomeka, nabonyeza. Shem, ilizunguka! Sijawahi kuona drili ina kasi ile. Sekunde mbili tatu nikawa nacheka peke yangu, nikasema leo nimepata mashine. Halafu moshi ukatoka kwenye yale matundu ya hewa. Na ile harufu ya vanishi iliyoungua, ukishainusa mara moja huisahau. Naigeuza upande wa kushoto, kibati hiki hapa: 110V.

REHEMA: Hukukisoma kabla?

MSAFIRI: Niliangalia picha. Fundi wa kusuka mota akaiona, akasema gharama ya kuisuka upya ongeza kidogo ununue nyingine. Nikampigia muuzaji. Unajua alinijibu nini? "Kwangu ilikuwa inafanya kazi."

REHEMA: Na labda kweli, kama alikuwa na transfoma.

MSAFIRI: Labda! Ndiyo maana siku hizi ombi langu la kwanza baada ya salamu ni picha ya kibati. Kina volti, kina wati, kina namba ya mashine. Za Japani nazo ukiona 100V, usichomeke bila transfoma. Na wewe muuzaji, kipige picha bila kuombwa. Piga na waya, hasa pale unapoingia kwenye mpini, maana hapo ndipo hukatikia. Piga kifaa chako mwenyewe, sakafuni kwako, hata kama sakafu ina vumbi. Picha ya kuchukua mtandaoni, yenye mwanga wa studio, mimi napita.

REHEMA: Betri je? Mzee ana drili ya chaji imeandikwa 20V, mtu kaniambia ni uongo, ni 18.

MSAFIRI: Wote wawili sawa. Ndani kuna seli tano. Kila moja ikijaa kabisa ni kama volti 4, ishirini hiyo. Ikitulia kwenye kazi ni 3.6, mara tano, kumi na nane. Wewe andika 18 kulala salama. Kubwa zaidi, ichaji, iache siku mbili, uone kama bado imeshika. Betri iliyolala tupu miezi sita mara nyingi haiamki, na mnunuzi wa drili ya chaji ananunua betri, ile drili ni kifuniko tu.

REHEMA: Kuna na jambo la kujaribu. Nilienda kununua pasi ya mtumba Buguruni, mtu kaniambia, "LUKU imeisha."

MSAFIRI: LUKU huisha siku ya kuuza! Ukiuza kitu cha umeme, nunua uniti. Na ukienda kununua, nenda na ekstensheni yako, na kipande cha mbao au chuma. Usijaribu mashine hewani. Hewani hata mbovu inalia vizuri. Iweke kwenye kazi usikie kama inazama. Angalia cheche kwenye matundu. Kidogo ni kawaida, zikizunguka kama pete, kaboni za mota zimekwisha au kuna kubwa zaidi. Na grinda isiyo na kinga, uliza kinga iko wapi. Wanaivua ili wafunge diski kubwa. Diski ya milimita 230 imetengenezwa kwa mizunguko kama 6,600 kwa dakika. Wewe unaifunga kwenye grinda ndogo inayozunguka 11,000. Sitaki kusema kinachofuata, watu wanakula saa hizi.

REHEMA: Ngoja... meseji. "Dada nipo Buguruni, foleni."

MSAFIRI: Anhaa! Basi kweli yupo.

REHEMA: Nirudi kwenye jambo linalonitatiza. Mtu unataka kujua kifaa kimetoka wapi. Ukiuliza "umekitoa wapi", umeshamwita mwizi.

MSAFIRI: Na lazima ujue. Kupokea mali ya wizi huku unajua ni kosa, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 311. Polisi hawatasikia kwamba ilikuwa bei nzuri. Mimi sisemi "umekitoa wapi". Nauliza, "Ulikuwa unaifanyia kazi gani?" Basi. Mwenye mali atakuchosha. Atakwambia alipasulia mninga wa milango ya shule, biti ikakatika, akabadilisha swichi. Asiye na mali atasema "kazi za kawaida tu". Halafu naangalia namba kwenye kibati. Ikiwa imekwanguliwa, naaga vizuri, naondoka.

REHEMA: Unaondoka bila kusema kitu?

MSAFIRI: Nasema "nitakupigia". Uongo huo najiruhusu. Unajua mimi vifaa vyangu napaka rangi ya bluu mkiani? Miaka minne iliyopita nilivunjiwa stoo. Mwezi mmoja baadaye niko kwenye daladala naperuzi, naona grinda inauzwa, na pale kwenye mpini kuna bluu. Bluu yangu, na ile sehemu brashi iliporuka! Nikaenda polisi kwanza, ndipo tukaenda kwa muuzaji. Kijana wa watu alikuwa amenunua kwa mtu barabarani, hana hata namba yake ya simu. Alilia. Grinda niliipata, lakini siku ile sikufurahi.

REHEMA: Mzee yeye hupiga tupa vijipengo vitatu kwenye kila mpini. Nimeviacha kwenye picha makusudi.

MSAFIRI: Vizuri. Haya, "niwekee". Umeshaambiwa?

REHEMA: Niwekee hadi Ijumaa. Ijumaa ya mwezi gani, hasemi.

MSAFIRI: Wazee walikuwa na arubuni. Unatoa kidogo, kitu kinakungoja mpaka siku mliyotaja. Asiyetoa arubuni asilalamike kikiuzwa. Lakini nawe ukishaipokea, akija mwingine na elfu kumi zaidi, unamwambia kimeshachukuliwa. Hapo ndipo wengi huteleza.

REHEMA: Ila arubuni kwa mtu usiyemjua, kitu hujakiona...

MSAFIRI: Hapana! Arubuni ni baada ya kukiona na kukishika. Kabla ya hapo unatuma hela kwa picha.

REHEMA: Na mimi muuzaji naangalia salio, siangalii meseji. Mtu alinitumia meseji ya "umepokea 85,000", herufi zote zimekaa sawasawa, salio halijasogea hata shilingi. Nikamwambia subiri niangalie, akanuna. "Huniamini?" Nikasema siamini simu, kaka yangu. Zile namba za kitapeli nazituma 15040, namba ya kuripoti matapeli, nafuta, naendelea na maisha.

MSAFIRI: Mnunuzi mwenye adabu husubiri akisimama hapo hapo, wala haulizi. Boda?

REHEMA: Nauli ya boda isemwe kabla, anayeagiza alipe. Sina zaidi.

MSAFIRI: Mimi ninalo. Usimtume boda akakujaribie mashine. Halafu kurudisha. Mimi naandika "mali ikishauzwa hairudishwi", kama kwenye risiti za Kariakoo.

REHEMA: Mimi nawapa hadi kesho yake jioni.

MSAFIRI: Unakosea. Ataifanyia kazi ya mteja siku nzima, akuletee ikiwa ya moto.

REHEMA: Na mgeni wa kazi, asiyejua kuijaribu getini? Mzee aliniambia niwauzie watakaovitumia, siyo wajanja wa kukagua.

MSAFIRI: Hapo tutabishana mpaka kesho.

REHEMA: Tubishane. Ngoja, anapiga. Haloo? Ndiyo, geti la kijani. Nini? Upo, upo, umeme upo. Sawa, nakuja.

MSAFIRI: Wa Mbagala? Anasemaje?

REHEMA: Anauliza kama kuna umeme. Amekuja na ekstensheni yake na kipande cha mbao ya mkongo, aone huo mstari wa kisu unavyokaa.

MSAFIRI: Saa nne zote hizi alikuwa anatafuta mkongo! Mpunguzie elfu tano huyo, na umwambie visu vya randa hiyo vinageuzwa, upande wa pili makali yapo.

REHEMA: Vinageuzwa? Na hukuniambia wiki tatu zote?