Popo Asipoonekana, Amekufa?

MWAJUMA: Karibuni wapenzi wasikilizaji, leo ni popo. Kaka Baraka, nianze na swali, utajuaje popo amekufa?

BARAKA: Si utamkuta chini?

MWAJUMA: Humkuti! Huyu ninayemsemea mimi ana gramu kama kumi tu, anaishi msituni, anaruka usiku, akifa analiwa na wadudu imeisha hiyo. Sasa kuna mtafiti wa popo, Profesa Gerald Kerth, yeye na wenzake wanafuatilia aina hiyo ya popo wa msituni, wanaitwa popo wa Bechstein, huko Ujerumani, misitu ya karibu na mji wa Würzburg, tangu 1993, na miaka michache baadae wakaanza kuwawekea chipu.

BARAKA: Chipu kama ya simu?

MWAJUMA: Hapana, haina hata betri. Ni kitu kama punje ya mchele, kimefunikwa kioo, wanakidunga kwa sindano chini ya ngozi, hapa mgongoni katikati ya mabega. Popo wanalala kwenye viboksi vilivyotundikwa mitini, mlangoni unaweka antena ya duara, popo akijipenyeza pale ile antena ndo inaipa chipu umeme kidogo, chipu inataja namba yake basi, imeandikwa, fulani kaingia saa fulani.

BARAKA: Umbali gani?

MWAJUMA: Sentimita chache tu, lazima apite palepale. Lakini raha yake ni kwamba humkamati tena. Zamani walitegemea pete za mkononi, ukitaka kusoma namba lazima umshike tena, na pete nyingine zinamchubua bawa. Na bawa kwa popo ndo kila kitu jamani.

BARAKA: Sawa, ila namba ikikosekana mwaka mzima si maana yake kafa?

MWAJUMA: Hapo ndo nilitaka tufike. Kutosomwa sio kufa! Chukulia popo kasomwa mwaka wa kwanza, wa pili kimya, wa tatu huyu hapa. Mwaka wa pili alikuwa hai, si ndio? Ni sisi tuliomkosa. Sasa ukikusanya mapengo kama hayo kwa popo wengi unajua popo aliye hai ana nafasi gani ya kusomwa, alafu ndo unatenganisha waliokosekana na waliokufa. Ukihesabu kila aliyenyamaza kuwa maiti unawaua popo walio hai kwenye karatasi.

BARAKA: Na aliyehama je?

MWAJUMA: Umeuliza la maana sana. Aliyehama jumla anafanana kabisa na aliyekufa, hesabu haiwezi kuwatofautisha. Ila majike wa hawa popo hawahami, jike anabaki kwenye kundi alipozaliwa maisha yake yote, madume ndo wanaondoka. Kwahiyo hesabu za majike zinaaminika.

BARAKA: Wakagundua nini sasa?

MWAJUMA: Kwamba jike mzee hafi kirahisi kuliko jike kijana, uzee hauwaangushi kama unavyotuangusha sisi. Kinachowamaliza ni tukio moja baya. Baridi ya 2010 kwenda 2011 walikufa wengi ghafla, wazee kwa vijana. Na jike anazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, tena sio kila mwaka, sa kundi likipigwa vile linachukua miaka kujijaza. Hiyo ndo inaniuma, maana kama ungefanya utafiti wa miaka mitatu ukaondoka 2009 ungeandika kwamba wako salama kabisa.

BARAKA: Duh. Na kwetu huku inawezekana? Maana wa kwetu wako kwenye dari.

MWAJUMA: Mbona Marekani walifanya hivohivo, mji wa Fort Collins huko Colorado, popo wa kwenye majengo, antena inawekwa kwenye tundu wanalotokea. Unachohitaji ni kujua tundu.

BARAKA: Kwa bibi Muheza nalijua, moja tu, pale bati linapokutana na ukuta upande wa jikoni. Magharibi wanatoka mmojammoja, nilikuwa nakaa na bibi tunawahesabu mpaka giza linatushinda.